Ndugu Haandikwi Polisi

Burhani alikwenda kituo cha polisi cha Bukoba kushtaki wizi wa mwavuli. Msicheke. Hata mtu anayekula kwa ulimi wake hunyeshewa, na mvua ya Bukoba haiulizi unaishi kwa kazi gani. Ni kweli mwavuli wenyewe hakuununua. Alitoka nao kwenye mazishi fulani ya Kitendaguro akasahau kuurudisha. Lakini walikuwa wamekaa pamoja siku nyingi, ameshauona wake, na kuibiwa kulimuuma kama kunavyomuuma mtu yeyote mwema.

Ilikuwa miaka ile Mwingereza bado anatutawala na kahawa imepanda bei. Ee, sisi watu wa Bukoba tulivyojiona! Tulinunua baiskeli kabla ya kujua kuipanda. Tulinunua gramafoni pamoja na santuri moja, tukaipiga hiyo hiyo mpaka mbuzi wakaizoea. Tulizungumza Kiswahili cha shule hata na mama zetu, na mtu akitutaja jina bila kuanza na "Bwana" chakula kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Watu wa namna hiyo ni shamba lisilo na ua, na Burhani ndimo alimokuwa analima.

Alikuwa na kanzu nyeupe, tarabushi nyekundu, na sauti ya mtu anayekuonea huruma kabla hujamwambia shida yako. Kwa Wahaya alisema babu yake alikuja na msafara kutoka pwani. Kwa watu wa asili ya pwani alisema yeye ni Mhaya wa ukoo mkubwa. Pande zote mbili walimwamini na pande zote mbili walimpakulia nyama.

Kwenye kaunta alikuwapo Sajini Kagaruki. Huyu alikuwa Mhaya mwenzetu, kazaliwa hapo Buhembe, lakini akishavaa sare hakusikia Kihaya hata umpigie ngoma. Bibi kizee asiyejua Kiswahili ilimbidi atafute mkalimani ili azungumze na mtoto wa jirani yake. Mbele ya Sajini kulikuwa na kitabu kikubwa cheusi cha kuandikia mashtaka, na Sajini alikipenda kikiwa safi. Alikuwa na sababu. Kila kosa likishaandikwa lazima lipelelezwe, na kila mwisho wa mwezi Mzungu mkubwa wa polisi alikuja kutazama yaliyoandikwa na yaliyokwisha. Yasiyokwisha yalimkalia Sajini shingoni, na Sajini alikuwa anangoja cheo. Ndipo alipogundua dawa ya kumaliza uhalifu wote wa Bukoba, nayo ilikuwa kutouandika.

Siku hiyo mbele ya Burhani alikuwapo mzee mmoja, kaja kwa ajili ya mbuzi.

"Nani kamchukua?" aliuliza Sajini.

"Munywani wangu, Afande. Tulikula omukago."

Kwa wasiojua, omukago ni undugu wa damu. Watu wawili wanapasua tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Kila mmoja anajichanja kidogo karibu na kitovu, anapaka punje yake damu, anampa mwenzake ameze. Tangu hapo ni wanywani. Anaingia kwako bila hodi, mkeo anamwita shemeji, na akikuomba kitu huna ruhusa ya kukataa. Nawe kwake vivyo hivyo.

Sajini aliweka kalamu chini kwa furaha. "Mzee, ulimeza damu yake?"

"Nilimeza."

"Naye yako?"

"Naye alimeza."

"Basi huyo ni wewe mwenyewe. Mtu anajiibia? Nenda baraza la gombolola, kwa wazee wa kwenu, mkasuluhishwe kama ndugu. Hapa tunaandika wezi. Ndugu haandikwi polisi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Burhani, lakini Burhani alikuwa hayupo tena pale. Mwili ulikuwapo, akili imeshafika Muleba.

"Wewe una shida gani?"

"Mimi? Hakuna, Afande. Nilipita kukujulia hali tu."

Na hapo hapo akamsamehe mwizi wa mwavuli.

Kazi ilikuwa nyepesi mno, karibu aone haya. Alikwenda Buhembe kwa Mzee Mutembei, ambaye hakuna mtu mjini aliyewahi kumwita kwa jina, akamwita Bwana Mutembei mara nyingi kabla hata hajakaa. Wakala omukago. Baada ya siku chache akaipenda gramafoni ya Mutembei, akaiomba, akaondoka nayo kichwani ikiwa bado inaimba. Alikwenda Kitendaguro kwa Byarugaba, akarudi amepanda baiskeli. Kabla ya kuondoka alipenda pia koti la Byarugaba, maana asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Burhani ni Muislamu, na damu kwake haramu. Kudanganya nako ni haramu, lakini hilo halikumjia akilini kwa wakati. Punje ilipowekwa kinywani aliificha kati ya fizi na shavu, akapandisha na kushusha koo kwa heshima zote, kisha akakohoa kwenye leso. Wenzake walimeza kweli, tena wengine machozi yakiwatoka. Yeye alitema. Kwa hesabu zake alikuwa amepata ndugu wengi na hajawa ndugu wa mtu.

Akafika Ijumbi.

Pale Ijumbi aliishi Protase, mkulima wa kahawa, Mkatoliki mpole, na mkewe Clotilda, fundi wa nguo. Clotilda alikuwa na cherehani ya mkono, nayo ndiyo iliyowashonea wasichana wa Ijumbi magauni meupe ya Komunyo ya kwanza. Sikukuu ya Ekaristi ilikuwa inakaribia. Vitambaa vilikwishakatwa, vimekunjwa kwenye kikapu, kila kimoja na jina la mtoto wake, na akina mama walikuwa wanapita kila jioni kuuliza marinda yatakuwa mangapi.

Burhani alikaa barazani akatafuna akamwani, zile kahawa kavu tunazomkaribishia mgeni, akamtazama Protase kwa masikitiko.

"Bwana Protase, ukija mjini kuuza kahawa unafikia wapi?"

"Ninalala juu ya magunia."

"Lahaula! Mtu kama wewe?"

Protase hakuwa amejua kwamba yeye ni mtu kama yeye. Sasa alijua, na ikamuuma. Kabla ya jua kuzama punje zilikwishapasuliwa. Jumapili Clotilda alikwenda misa. Aliporudi alikuta meza tupu na mumewe anatabasamu.

"Cherehani iko wapi?"

"Munywani kaiomba. Anakwenda kuitia mafuta mjini."

"Nilikuwa nimeitia mafuta jana."

"Ya mjini ni mazuri zaidi," alisema Protase, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyomwisha.

Clotilda hakulia. Alikitazama kile kikapu, akamtazama mume wake kuanzia unyayo mpaka utosi, akamwambia, "Vaa viatu."

Walianzia gombololani. Karani akawaambia cherehani iko mjini, na mambo ya mjini ni ya polisi. Wakapanda lori mpaka Bukoba. Sajini Kagaruki akawaambia omukago umeliwa Ijumbi, na mambo ya omukago ni ya gombolola. Clotilda, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Sajini, huyo mtu ni mwizi. Niandikie."

"Si mwizi, mama. Ni shemeji yako."

"Nina magauni ya watoto wa watu kikapuni! Nitawaambia wavae nini siku ya sikukuu, majani ya migomba?"

"Kama nisingekuwa na huruma ningekuandika wewe kwa kupiga kelele kituoni. Kitu cha munywani ni cha munywani. Ndiyo mila. Mila siandiki."

"Kwa hiyo cha kwetu ni chake?"

"Hasa."

"Na cha kwake?"

Sajini alikuwa ameshaanza kumtazama anayefuata. "Cha kwake ni chenu, mama. Omukago una upande mmoja? Kaeni pale kwenye benchi kama mmechoka."

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wengine ambao hawakuandikwa. Ndilo kosa la Sajini, kama mtataka kumtafutia kosa: watu aliokataa kuwaandika aliwaweka mahali pamoja, na watu wa kwetu wakiwekwa pamoja hawawezi kunyamaza. Mzee Mutembei alimwambia Protase habari za gramafoni. Byarugaba, aliyekuwa anatetemeka bila koti, akasema habari za baiskeli.

"Wangu anaitwa Burhani," alisema Mutembei.

"Na wangu!"

"Ana tarabushi?"

"Ala! Na mimi aliniambia sina mfano wangu mjini," alisema Protase, na hilo ndilo lililomuuma kuliko cherehani. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba yeye peke yake ndiye mtu kama yeye.

Walivuka barabara wakaingia kwenye hoteli ya chai ya Mastura, wakaagiza chai, wakaendelea kujionea huruma. Mastura alikuwa mjane mwenye macho makali na sambusa nzuri. Aliposikia jina la Burhani aliacha kumimina.

"Burhani yupi? Wa tarabushi? Huyo Ijumaa anakuja kuniposa. Kaahidi kuniletea cherehani."

Wote wakaweka vikombe chini.

"Ni ya mkono?" aliuliza Clotilda taratibu. "Ina mkwaruzo ubavuni, mtoto wangu aliiangusha?"

"Sijaiona. Ila mjomba wangu Mzee Yunus kaweka sharti moja: haniozi kwa mtu asiye na ndugu. Burhani kasema anao wengi, kwa bahati mbaya wako mbali." Mastura aliketi, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona. "Kumbe si mbali."

Clotilda akayakumbuka maneno ya Sajini, kwamba cha kwake ni chenu, akayarudia polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akacheka.

Ijumaa baada ya sala Burhani alifika kwa Mastura akiendesha baiskeli, amevaa koti la Byarugaba, gramafoni kaifunga nyuma, na kijana wa kukodi anamfuata na cherehani iliyofunikwa kitambaa chekundu. Mzee Yunus alivitazama vyote. Havikumtikisa.

"Zawadi nimeziona. Ndugu je? Mimi mbuzi tu nikinunua nauliza zizi alikotoka, sembuse mume."

"Ah, Mzee wangu," alisema Burhani, na sauti ikashuka kwa majonzi, "laiti ungewaona! Watu wa mashamba, watu wa heshima. Tunapendana sisi, hatuna changu wala chako. Ila ndiyo hivyo, safari ndefu."

"Hodi!" ilisema sauti mlangoni. Kisha ikajikumbuka. "Lakini kwa ndugu mtu hapigi hodi." Wakaingia.

Burhani aliwaona Mutembei, Byarugaba, Protase na mkewe, akautafuta mlango wa nyuma kwa macho. Lakini tumpe haki yake: mjanja ni mjanja. Alipima upesi. Akiwakana, hana ndugu na posa imekufa. Akiwakubali, hawa hapa ndugu, tena kwa wakati wake! Akafungua mikono.

"Ndugu zangu! Mzee Yunus, sikukwambia? Damu yangu hii!"

"Damu moja kabisa," alisema Mutembei, akamkumbatia mpaka tarabushi ikaanguka. "Tumemezana."

Mzee Yunus alifurahi, akawaagizia chai. Burhani alifurahi kuliko wote. Alijiona akili yake imezidi kichwa, akaanza kuwasimulia jinsi yeye na ndugu zake wasivyonyimana kitu. Aliisema mara mbili. Mara ya tatu aliapa.

"Ndivyo tulivyo," alisema Byarugaba. "Mathalani mimi, munywani, nimeipenda hiyo baiskeli."

Burhani alicheka. Byarugaba hakucheka. Mzee Yunus alikuwa anatazama kwa hamu kuona upendo wa ndugu.

"Ichukue, ndugu yangu," alisema Burhani.

"Na koti. Nimelipenda mno."

Akalivua. Mutembei akaipenda gramafoni. Protase, masikini, zamu yake ilipofika aliona aibu, akaanza kusema kuwa yeye hana haja na kitu, mpaka Clotilda alipomkanyaga mguu.

"Shemeji," alisema Clotilda mwenyewe, akafunua kitambaa chekundu. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo. Hakuweza kusema yale aliyoyaandaa. Aliweka kiganja juu ya cherehani. "Hii tu. Mimi nataka hii tu."

Ingekuwa hadithi nzuri kama wote wangeishia hapo. Lakini sisi tunajijua. Mutembei akakumbuka kwamba ndugu yake ana chumba mtaa wa pili, wakaenda kumtembelea. Wakaipenda taa yake, wakaipenda redio, wakapenda godoro. Byarugaba alikipenda kitanda bila hata kukijaribu. Mzee Yunus aliyekuwa amewasindikiza alisema hajawahi kuona familia yenye mapenzi kiasi hicho.

Burhani alistahimili mpaka kitanda kilipopita mlangoni. Hapo akasahau yeye ni nani. Akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, moja kwa moja polisi.

"Nimeibiwa, Afande! Andika! Wamenimaliza, mpaka kitanda! Andika!"

Sajini alifungua kitabu. Alichovya kalamu kwenye wino. "Unawajua?"

"Nawajua! Mutembei wa Buhembe, Byarugaba wa Kitendaguro, na Protase wa Ijumbi na mkewe!"

"Ni nani kwako?"

Mlangoni watu walikuwa wameshajaa: wanywani na mizigo yao, Clotilda kakumbatia cherehani yake, Mastura na birika mkononi maana hakutaka kukosa hata neno.

"Si lolote kwangu," alisema Burhani.

"Tulikula omukago!" alipaza sauti Protase.

Sajini alianza kuishusha kalamu, na Burhani kuona kalamu inashuka akapagawa. "Hakuna omukago, Afande! Mimi Muislamu! Damu mimi sinywi!"

Kalamu ikasimama hewani. Sajini Kagaruki aliinama mbele polepole, na macho yakamng'aa. Maana aliona kitu alichokuwa anakiomba kwa Mungu tangu avae sare: kosa linalofunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo, mashahidi mlangoni, mshtakiwa kaja mwenyewe kwa miguu yake.

"Ngoja nielewe, Bwana Burhani. Ukiwa ulimeza, hawa ni ndugu zako, wamechukua vya ndugu yao, siandiki. Ukiwa ulitema, basi hukuwa ndugu, na wewe ndiye uliyechukua vitu vya watu kwa udanganyifu. Hilo naandika. Naandika kwa mwandiko mzuri." Akachovya kalamu upya. "Ulimeza au ulitema?"

Burhani alimtazama Sajini. Akatazama ile kalamu, tone la wino limening'inia kwenye ncha. Akawatazama watu mlangoni, na mlango wa mahabusu ulio pembeni, ambao alikuwa hajawahi kuutazama sawasawa.

"Nilimeza," alisema.

"Sauti."

"Nilimeza! Wote niliwameza!"

Sajini alisikitika sana. Aliifuta kalamu, akakifunga kitabu, na mwisho wa mwezi Mzungu mkubwa alipokuja akakuta kurasa nyeupe, akasema Bukoba kuna amani ya ajabu.

Mastura alimrudishia Burhani tarabushi yake, imepanguswa. "Ndugu umeonyesha unao," alimwambia. "Ila mimi sitaki kuolewa na watu wengi hivi." Akarudi kwenye sambusa zake.

Burhani alikuwa anaangalia njia ya kutokea aliposikia mtu anamshika mkono wa kanzu.

"Shemeji," alisema Clotilda, "lori linaishia barabara kuu, na kutoka pale mpaka kwetu ni mlima. Mume wangu ana mgongo mbovu. Ndugu hubebeana."

Alitazama nyuma. Sajini alikuwa bado kaegemea kaunta, kalamu iko karibu.

Akabeba. Akapanda mlima wa Ijumbi na cherehani kichwani, akizungumza peke yake, na alipofika akaambiwa fundi hawezi kushona na kuzungusha mkono wa mashine kwa wakati mmoja, magauni yakiwa mengi na siku chache. Akazungusha. Alizungusha mpaka marinda ya mwisho, na siku ya sikukuu wasichana wa Ijumbi wakapita weupe pe barabarani, Clotilda anawatazama huku analia waziwazi na wala hajali nani anamwona. Burhani, naambiwa, alisema gauni la tatu kutoka mbele limekaa upande kidogo, na Clotilda akamwambia anyamaze.

Tangu hapo ana kazi nyingi. Mutembei akiezeka nyumba, Burhani yuko juu ya paa. Byarugaba akifiwa na shangazi, Burhani anachimba. Kila anakofika anakaribishwa vizuri, kama ndugu: anaketishwa barazani, analetewa akamwani, na nyumba nzima, hata watoto, wanaacha shughuli zao wakamkodolea macho shingoni mpaka wamwone anameza.